Mimba ya miezi minne na bado nanyonyesha, naeza meza hizi vitamini zote?

MamaKondele: Wamama habari zenu, niko Kisumu. Kliniki walinipea IFAS, zile tembe za bure za chuma na folik, nikapita kwa kemisti akaniuzia folik asidi ya miligramu 5 akisema ya kliniki ni kidogo, halafu wifi yangu akaniletea maltivitamini na kapsuli za mafuta ya ini la samaki. Nikimeza zote kuna shida? Na wiki ijayo naenda kumeza zile tatu za malaria.

nesi_wa_Nakuru: Dada usimeze zote tafadhali. IFAS iko na madini ya chuma miligramu 60 na folik 0.4, hiyo inatosha wengi wetu. Hiyo folik ya 5 ndio inanitia wasiwasi juu huko kwenu ziwani malaria ni mingi na mnapewa SP, ndio hizo tatu zako za malaria, na folik ya 5 inaipunguzia SP nguvu, WHO wenyewe wanakataza zipeanwe pamoja. Ya IFAS haina hiyo shida. Lakini kama uko na sikoseli, ama unatumia dawa za kifafa, ama ulishazaa mtoto mwenye mgongo wazi, daktari ndio anaamua, usiache kivyako. Mafuta ya ini weka kando kabisa, yako na vitamini A ya retinol, ile inatoka kwa wanyama, na maltivitamini nyingi pia ziko nayo, ukijumlisha unaeza pita 10,000 IU kwa siku na ikizidi inaeza haribu mtoto akiwa tumboni.

Achi_Kakamega: Na IFAS usiteremshie na chai mamaa, chai inazuia chuma kuingia mwilini, meza na maji, chungwa likiwepo ni poa zaidi. Choo ikitoka nyeusi usishtuke. Odowa, yale mawe laini ya udongo tunakula, pia wachana nayo, najua hamu yake lakini inafunga hiyo chuma.

MamaKondele: Asanteni sana, sasa huyu anayenyonya hatadhurika? Ako mwaka na nusu.

nesi_wa_Nakuru: IFAS haitamdhuru, nyonyesha tu, ila kwa hiyo miaka anahitaji chakula kabisa, omena, osuga (managu), mayai. Vitamini A yake anapewa kliniki kila miezi sita, uliza kama amepata. Wewe beba makopo yote uende nayo wayasome. Na tembe weka juu sana, mtoto mdogo akimeza hizo za chuma nyingi ni sumu inayoua, ikitokea kimbia hosi hapo hapo hata kama anacheza vizuri.