Albamu iliyonivusha wakati namuuguza mama, sasa nikiigusa nalia. Nifanyeje?

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na naomba mnisome hadi mwisho.

Nilimuuguza mama kwa miezi 7. Usiku ndio ulikuwa mgumu. Ikifika saa nane maumivu yanapanda, usingizi unakata, na mimi sina la kumfanyia zaidi ya kumgeuza ubavu na kumshika mkono. Siku moja nikaweka A Love Supreme, albamu ya John Coltrane, yule mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, kwenye simu ili nisisinzie. Spika moja ya sikio nikavaa mimi, nyingine nikamvalisha yeye. Mama hakuwahi kuwa mtu wa jazi, lakini alitulia. Tangu hapo ikawa kila usiku, dakika 33, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kitu.

Ile albamu ilinigeuza. Nilikuwa mtu wa pupa, hata uji nilikuwa namnywesha mgonjwa kwa haraka ili nikafanye mengine. Nikajifunza kukaa. Usiku mmoja, ilipofika sehemu ya nne, ile ya taratibu, mama akauliza: "Huyu anayepuliza anasema nini?" Nikamjibu, "Hasemi kitu mama, anapiga tu."

Huu ni mwezi wa tano tangu atutoke. Zile noti nne za besi za pale mwanzoni zikiingia tu, kifua kinabana, nazima. Mke wangu ananishauri niifute, maisha yaendelee. Niifute? Au nijilazimishe?

Jibu la 1

Pole sana mkuu. Shemeji ana nia njema, ila usifute. Nilipofiwa na kaka yangu niliweka kando albamu tuliyokuwa tunaipenda wote, ikapita miaka miwili. Siku moja ikapigwa mahali sikutegemea, nikashtukia naimba. Usiipangie tarehe.

Jibu la 2

Natofautiana kidogo na aliyetangulia. Ukiikwepa sana, hofu nayo inaota mizizi. Mimi ni mtu wa santuri, nikupe njia ya watu wa santuri. Albamu hii ilitoka ikiwa na pande mbili: sehemu ya kwanza na ya pili upande mmoja, ya tatu na ya nne upande wa pili. Katikati unalazimika kuinuka, kuigeuza, kuvuta pumzi. Simu imetunyang'anya ile nafasi. Hakuna anayekulazimisha kuanzia kwenye hizo noti nne. Anzia upande wa pili.

Jibu la 3

Kama hulali na huli, basi hapo si suala la albamu tena, ndugu yangu. Tafuta mshauri nasaha uongee naye. Nakuambia kwa upendo kabisa.

Jibu la 4

Mkuu, nimelirudia swali la mama yako mara tatu, na nimeshindwa kupita bila kuandika.

Mama alisikia sawasawa. Coltrane aliandika shairi, likachapwa kwenye jalada la santuri. Kwenye sehemu ya nne haimbi mtu, ila saksafoni inalisoma lile shairi neno kwa neno. Mstari unapoishia, na pumzi yake inaishia hapo. Ni dua ya shukrani kwa Mungu. Yule bwana alikuwa ameshikwa na heroini, akaachana nayo mwaka 1957, na humo jaladani ameandika mwenyewe kwamba mwaka huo Mungu alimwamsha kiroho. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba 1964, akaingia studio na wenzake watatu wakaitoa albamu nzima siku hiyo hiyo. Kwa hiyo pale anayepuliza ni mtu aliyetoka shimoni, anashukuru.

Sisi wa kwenye simu jalada hatulioni, ndiyo maana wengi linatupita. Tafuta shairi, liweke mbele yako, usikilize sehemu ya nne peke yake. Kwako wewe mlango uko hapo.

Mleta uzi

Wakuu, asanteni. Nimesoma yote. Wa jibu la 3, nakula, na usingizi umeanza kurudi, usihofu.

Shairi nimelipata. Jana saa nane usiku nikakaa kwenye kiti kile kile, nikavaa spika moja. Nilikuwa nafuata mistari kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Mara mbili nikapotea, nikarudisha nyuma. Ya tatu nikaanza kuona: hapa kavuta pumzi, hapa mstari umekata, hapa anashukuru tena. Kufika katikati nikawa nalisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, polepole, kumjibu mama.

Nimelia, lakini sikuzima. Sehemu ya kwanza bado siiwezi.