Je, kuridhika kwa wanachuo kunatosha kupima ubora wa chuo kikuu?

Mtafiti Mchanga:
Wenzangu, ninaandaa tasnifu ya uzamili kuhusu uzoefu wa wanafunzi na ubora wa taasisi za elimu ya juu. Dodoso langu linawauliza wanachuo wa mwaka wa mwisho wameridhika kwa kiasi gani na mafundisho, maktaba na huduma nyinginezo, kisha ninalinganisha wastani wa vyuo. Msimamizi wangu amelirudisha akisema nimepima furaha, si ubora. Lakini je, anayefundishwa siye shahidi wa kwanza wa mafundisho?

Mpenda Takwimu:
Ni shahidi, ila wa yale aliyoyaona. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walikusanya na kuchambua upya tafiti nyingi kuhusu suala hili, wakakuta kwamba alama ambazo wanafunzi huwapa wahadhiri hazina uhusiano wa maana na kiasi walichojifunza. Kwa hiyo muulize mwanachuo kama kazi zake zilisahihishwa na kurudishwa kabla ya mtihani, au ni mara ngapi alijadiliana na mhadhiri nje ya kipindi. Ndivyo lifanyavyo dodoso la NSSE la Marekani, yaani uchunguzi wa kitaifa wa ushiriki wa wanafunzi katika masomo, lililoanza mwaka 2000, ambalo msisitizo wake ni kile mwanafunzi anachokifanya. Hata NSS ya Uingereza, yaani uchunguzi wa kitaifa wa maoni ya wanafunzi, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, iliacha kauli za kukubali au kukataa na kuweka maswali ya moja kwa moja, na kwa vyuo vya England swali la kuridhika kwa ujumla likaondolewa kabisa.

Mwalimu Mstaafu:
Mimi kinachonitia shaka zaidi ni huo wastani. Chuo kinachopokea waliofaulu sana kitatoa wahitimu wazuri hata kikifundisha ovyo, na ndiyo sababu Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani, alisisitiza kupima hali ya mwanafunzi anapoingia, mazingira anayosomea na matokeo yake, vyote vitatu kwa pamoja. Isitoshe, ukiwahoji wa mwaka wa mwisho peke yao umewaacha nje walioacha masomo njiani, ambao huenda ndio wenye mengi ya kusema kuhusu kasoro za chuo.

Mtafiti Mchanga:
Nashukuru sana. Walioacha masomo ni vigumu kuwapata. Je, niwaongeze wanafunzi wa mwaka wa kwanza?

Mpenda Takwimu:
Waongeze, NSSE nayo huwahoji wa mwaka wa kwanza na wa mwisho. Omba pia ofisi ya usajili idadi ya wasioendelea hadi mwaka wa pili, kwa kila programu, bila majina.

Mwalimu Mstaafu:
Kabla ya hayo yote, ndugu yangu, amua unaposema ubora unakusudia nini. Watafiti Lee Harvey na Diana Green, mwaka 1993, walitenganisha maana tano za ubora, zikiwamo kufaa kwa lengo, thamani ya fedha na mabadiliko ya mwanafunzi mwenyewe. Ukichagua thamani ya fedha, maswali yako ya kuridhika yanaweza kubaki karibu yote. Ukichagua mabadiliko, mengi itabidi uyafute.