Mrejesho: taa ya injini na msimbo P0135

Wakuu, niliuliza kuhusu taa ya injini kuwaka na msimbo P0135, yaani saketi ya hita ya sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi). Fyuzi ilikuwa nzima, na plagi ya nyaya za sensa, upande wa gari, ilileta volti 12 injini ikiunguruma. Kumbe hita yenyewe imekatika: kwenye nyaya zake mbili za rangi moja mita ilionyesha OL (yaani njia ya umeme imekatika), wakati hita nzima husoma omu chache tu. Kufungua sensa ni soketi ya milimita 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya, injini ikiwa na joto kiasi; ikipoa kabisa huwa mbishi. Grisi ya kuzuia kunata ipakwe kwenye thredi pekee, isiguse ncha (sensa nyingi mpya huja zimeshapakwa). Nimefunga sensa mpya, msimbo umefutwa, haujarudi, na volti ya sensa inacheza kati ya 0.1 na 0.9 kama inavyotakiwa.