Tupeane uzoefu: uliacha kupiga kura lini, na kile chama kipya cha mtaani kwenu kiliishia wapi?

Mtoa mada

Assalaam alaykum wana visiwa, na salamu kwa wengine wote.

Juzi nilikuwa Wete, Pemba, kwenye msiba. Jioni tumekaa barazani, kahawa imezunguka mara mbili, mmoja akauliza nani kaenda kuangalia jina lake kwenye daftari la wapiga kura. Tulikuwa watu kumi na moja. Aliyeitika ni mzee mmoja tu, naye aliwahi kuwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Waliobaki wakaishughulikia kashata.

Mwaka 1995 baraza hiyohiyo ilikuwa tupu siku ya uchaguzi. Watu walilala kituoni, na asiyeweza kulala aliweka jiwe au kandambili kwenye foleni kushika nafasi yake. Mie nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kulinda kandambili ya baba, ya mguu wa kushoto. Matokeo ya urais wa Zanzibar mnayajua: Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, 49.8. Tofauti haikufika kura elfu mbili, Unguja na Pemba kwa pamoja. Kwa hesabu kama hiyo kila kandambili ilikuwa na uzito.

Mie niliacha 2015. Tulipiga kura tarehe 25 Oktoba, tarehe 28 mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, akatangaza uchaguzi mzima wa Zanzibar umefutwa. Wino ulikuwa bado kidoleni. Nikachukua ndimu na majivu nikausugua mpaka ngozi ikawasha, haukutoka. Uliporudiwa Machi 2016 CUF walisusia, nami nikakaa nyumbani kumenya muhogo. Tangu hapo sijarudi kituoni, na sikuambieni kama najivunia au naona haya, kwa sababu hubadilika kwa siku.

Leteni yenu. Sharti moja: msitaje jina la jirani, sheha wala wakala. Visiwa vyetu ni vidogo, tunazikana.

Dagoni

Mtoa mada, wewe ulisusa. Sisi wengine hatukuwahi kupata hata nafasi ya kususa.

Mie mtu wa Kojani, kazi yangu dago. Tunatoka na jahazi, tunapiga kambi Tanga, Pangani, mara nyengine mpaka Kenya, miezi inapita. Uandikishaji haungoji upepo. Mara ya kwanza nilirudi nikakuta wameshafunga siku mbili nyuma. Mara ya pili niliwahi, nikaambiwa kwanza kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, changu kimeharibika kwa maji ya chumvi. Nikaenda kutafuta barua. Mkubwa wa kuitoa akanitazama usoni akasema, "Wewe hukai hapa." Nyumba ya mama yangu anaiona kutoka pale alipokaa! Watoto wangu wanasoma skuli moja na wake.

Mara ya tatu sikwenda. Siku nzima ya foleni ni siku nzima bila ya bahari, na waliokaa nyumbani hawali foleni.

Lakini niwaambieni jambo. Nina shemeji Kisiwa Panza. Kule wana mpango wa kuufunga mwamba wa pweza, miezi kadhaa hakuna kuchokoa, kisha wanaufungua wote siku moja. Nilikuwepo kwenye mkutano wa kupanga tarehe. Wanawake walijaa mpaka nje, maana wao ndio wachokoaji wakubwa. Bibi mmoja alisimama mara tatu kupinga tarehe kwa sababu bamvua, siku za maji kutoka sana, haliangukii hapo, na tarehe ikasogezwa! Hakuna aliyegawa fulana wala aliyeletwa kwa gari. Kwa hiyo anayesema Wapemba wamechoka kuchagua, mie namuuliza: kuchagua nini?

Bi Mkubwa

Wanangu nimesoma. Na mie nisemee hivyo vyama vipya, maana mada imeviuliza na bado hakuna aliyejibu.

Chama cha ADC kiliposajiliwa 2012 kilichukua watu wengi waliokuwa CUF. Marehemu mume wangu akawa mmoja wao. Hakuhongwa. Aligombana tu na wenzake wa tawi juu ya hesabu ya michango, akaona bora aondoke. Akaleta nyumbani bendera na viti vitatu vya plastiki, sebule yangu ikawa ofisi.

Nilikuwa nachoma mandazi asubuhi, mia mbili yanaisha kabla ya saa mbili. Wiki ya kwanza yakabaki sitini. Wiki ya pili yakabaki mia na arubaini, nikawa nawapa kuku. Hakuna aliyenitukana. Watoto walitumwa kwa muuzaji wa mbali, wakipita kwangu wanaamkia vizuri, "shikamoo bibi", na bakuli tupu mkononi.

Kisha akafa mkwe wangu, mama yake mume. Hapa ndipo pagumu kuandika. Jeneza kwetu hubebwa kwa kupokezana, mtu hubahatika kulishika hatua chache tu. Siku ile wanaume walikuwa tisa, na wawili kati yao wageni kutoka Tanga. Waliobeba walibeba moja kwa moja mpaka makaburini, mume wangu bega likamvimba. Usiku wanawake wenzangu walikuja, lakini kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, wamejifunika. Tulilia kimyakimya ili jirani asisikie nani yumo.

Alikaa kwenye chama kile mwaka mmoja na nusu. Hamad Rashid, naye aliyetoka CUF, alipogombea urais wa Zanzibar kupitia chama hicho 2016, sisi tulikuwa tumeshatoka zamani. Viti viwili ninavyo mpaka leo, kimoja kilivunjika.

Basi mkiniuliza kwa nini vijana hawaanzishi vitu vipya, nakumbuka yale mandazi.

Zambarau

Shikamoo Bi Mkubwa. Na pole, ingawa ni miaka mingi.

Mie nilikuwa upande wa walio wengi, waliobaki CUF na Maalim Seif, nikiri. Machi 18, 2019 Mahakama Kuu ilipoamua ule mgogoro wa uongozi wa CUF kwa upande wa Profesa Lipumba, siku ileile Maalim akatangaza tunahamia ACT-Wazalendo. "Shusha tanga, pandisha tanga." Kesho yake asubuhi tukawa juu ya ngazi tunapaka tawi letu rangi ya chama kipya. Zambarau iliisha madukani kabla ya adhuhuri. Fundi wetu akachanganya buluu na nyekundu kwenye ndoo, ikatoka rangi ya biringani iliyopikwa. Ukipita leo utaona ukuta wa mbele zambarau na ubavuni biringani.

Siku ile nililia kwa furaha. Baadaye ndipo nikaanza kutazama. Mwenyekiti wa tawi yuleyule, katibu yuleyule, hata daftari la wanachama ni lilelile, jina la chama limekatwa kwa mstari wa kalamu na jipya limeandikwa juu. Nilikuwa na miaka 27, nikaomba vijana tupewe nafasi mbili kwenye kamati. Jibu: "Subirini tupite kwanza uchaguzi." Ukapita wa 2020. Maalim akafariki Februari 2021. Bado tunasubiri.

Tukajaribu kufanya kikundi chetu, watu kumi na wanne, kufuatilia maji na barabara ya shehia tu. Mkutano wa pili CCM wakatuita ACT, ACT wakatuita CCM. Wa tatu tulikuwa watano.

Mtoa mada

Zambarau, hilo la kikundi lina mzizi wake kwenye sheria pia. Kwa Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, usajili kamili unataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa kumi, na humo lazima uwemo walau mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Chama cha kisiwa kimoja hakisajiliki. Wakati ule watu waliogopa vyama vya upande mmoja, na naielewa hofu hiyo. Lakini maana yake mtu wa Tumbatu au Kojani mwenye hoja ya kisiwa chake hana pa kuipeleka ila apange chumba kwenye nyumba ya chama kikubwa. Kusimama peke yako bila chama, yaani mgombea binafsi, nako hakuna. Mchungaji Mtikila alilipigania hilo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, ikampa haki 2013, na sheria haijabadilika.

Kisiwa Kidogo

Mafia hapa. Yangu fupi. Novemba 2019, serikali za mitaa. Nilivaa, nikaenda, nikakuta kituo hakuna. Mgombea wa kijiji amepita bila kupingwa. Wapinzani fomu zao zilikuwa zimekatwa, na vyama vyao vikajitoa nchi nzima. Nikarudi nikavua shati. Sasa watu wakisema "mwitikio mdogo", mie kwenye hesabu hiyo naingia wapi?

Mwamu

Msidhani ruhusa ya mgombea binafsi inamaliza kila kitu. Sisi Lamu tunayo tangu Katiba ya 2010, na vyama Kenya ni vingi kama dagaa.

Mimi mtu wa Langoni. Tulipoambiwa kutajengwa kinu cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, tulikutana wavuvi, manahodha, kina mama wa kusuka makuti, masheikh, na vijana wa mahoteli. Hakuna aliyeuliza mtu ni wa chama gani. Miaka ikaenda, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni. Mwaka mmoja kabla, wavuvi walioathirika na bandari mpya walikuwa wameshapewa ushindi Mahakama Kuu, fidia shilingi bilioni 1.76. Watu walitembea vichochoroni wakipeana mikono kama Idi.

Tukasema nguvu hii tuipeleke kwenye kura, tusimamishe mtu wetu awe mwakilishi wa wadi, bila chama. Kikao cha kwanza swali likawa moja: atoke Mkomani au Langoni? Mji mdogo, unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, na tulishindwa kuvuka hapo. Wakasimama wawili, kila upande na wake, wakagawana kura wakaanguka wote. Kundi halikurudi tena kama lilivyokuwa. Nikifikiri sana naona makaa ya mawe yalitufaa kwa sababu hayakuwa na kiti cha kukaliwa.

Mkaa Muscat

Sisi huku hatupigi kura kabisa, Tanzania haina utaratibu wa kura za walio nje. Kila uchaguzi natumiwa ujumbe wa kuchangia nauli na fulana. 2020 nilituma. Ndugu niliyemtumia hakwenda kituoni, alinunua bati. Nilikasirika wiki moja, kisha nikaona hilo bati angalau liko juu.

Bi Mkubwa

Zambarau mwanangu, hao watano wako mnakutana bado? Sebule ipo, na viti viwili vipo. Mandazi nitachoma, wala msiogope watu, nimeshasusiwa mie sina jipya la kupoteza.

Zambarau

Tupo wanne sasa, Bi Mkubwa, mmoja kaenda Unguja. Jumamosi baada ya alasiri inshallah.

Mtoa mada

Nami nitakuja, nikaangalie na jina langu kama bado limo. Dagoni, ukiwahi kurudi nipigie, nikushikie nafasi kwa kandambili.

Dagoni

Weka tu. Lakini niko Pangani, na samaki wameanza kuingia. Usiilinde sana.