Je, kisukari hugawanyika kati ya jeni na mazingira?

Swali: Wazazi wangu wote wawili wana kisukari cha aina ya pili. Je, ni sahihi kusema kwamba sehemu fulani ya ugonjwa huu hutokana na jeni na iliyobaki hutokana na mazingira?

Jibu: Ndugu, mgawanyo huo haumhusu mtu mmoja mmoja. Kiwango cha urithi hueleza tofauti zilizopo kati ya watu wa jamii fulani, hivyo hubadilika mazingira ya jamii hiyo yanapobadilika. Zimetambuliwa mamia ya tofauti za kijeni zinazohusiana na kisukari hicho, na nyingi kati yake huongeza hatari kidogo tu.

Jibu: Naongezea mfano wa fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, ambao kwangu ndio mfano ulio wazi kuliko yote: mtoto hurithi nakala mbili zenye kasoro za jeni moja, lakini ubongo wake hudhurika kwa sababu chakula kina fenilalanini, kijenzi cha protini ambacho mwili wake hauwezi kukivunja vizuri, na akianzishiwa lishe maalumu mapema hukingika. Vilevile, waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 hadi 1945 walionekana ukubwani kuwa na udhibiti hafifu zaidi wa sukari kwenye damu.

Muulizaji: Nawashukuru. Nitamwomba daktari anipime sukari mapema, bila kungoja dalili.