Naombeni ushauri: mdogo wangu anataka kuingia ngumi za kulipwa

Wakuu habari zenu, niko Tanga hapa Makorora. Mdogo wangu ana miaka 19, huu mwaka wa tatu anapiga ngumi za ridhaa, zile raundi tatu anazimaliza bila shida, na tangu Mwakinyo wa hapa kwetu amchape Sam Eggington kule Birmingham 2018 dogo hataki kusikia kazi nyingine. Sasa kuna promota kamletea mkataba wa miaka mitano, pambano la kwanza eti raundi nane, mi najua wanaanzia nne au sita. Juzi karudi toka mazoezini jicho limevimba, bandeji za mikono zina damu, mama analia tu. Asaini au asubiri? Na mkataba nimpelekee nani ausome? Jumatatu wanataka jibu jamani.