Mjusi akishapigwa anaogopa hata wadogo: mwilini kuna nini?

Mkulima wa Tandahimba
Habari za jioni wakuu. Nauliza kuhusu wale mijusi wakubwa wa kwenye mikorosho, dume ana kichwa cha bluu. Shambani kwetu dume mmoja alitawala mkorosho mkongwe ulio jirani na banda. Akiona mwenzake anatikisa kichwa, anainuainua kifua, kisha anamtimua. Msimu huu akaja mgeni, wakang'atana, mwenyeji akashindwa. Sasa rangi imempauka, kahamia kwenye rundo la kuni, na jana kakimbizwa na kadume kadogo kabisa! Ana kidonda sikioni. Baba anasema ni uoga tu. Kweli ni hivyo?

Mwalimu wa Baiolojia, Lindi
Baba yako hajakosea, ila uoga huo una kazi inayoonekana mwilini, na mimi jambo hili nalipenda mno.

Waliochunguzwa sana ni mijusi wa kijani wa Marekani, Anolis carolinensis. Madume wawili wakikutana, nyuma ya jicho hutokea doa jeusi, linaloletwa na homoni ya adrenalini. Anayetangulia kutokwa na doa, mara nyingi ndiye anayeshinda. Watafiti wakimpaka dume rangi nyeusi mahali pale, mpinzani wake hupunguza mashambulizi. Yaani homoni ya ndani imekuwa tangazo la nje, na mwenzake analisoma.

Kisha kuna kortikosteroni, homoni ya msongo inayotoka kwenye tezi za adrenali. Wakati wa ugomvi hupanda kwa wote wawili, na kwa muda mfupi inafaa, maana inaupa mwili nguvu ya kutumia. Tofauti inakuja baadaye. Kwa aliyeshindwa na kuendelea kuishi chini ya macho ya mbabe wake, inabaki juu, testosteroni, yaani homoni ya kiume, inashuka, na ngozi inakaa kahawia. Ikikaa juu hivyo, hamu ya kupigana inazimika. Ndiyo maana huyo wako hampimi tena mpinzani kwa ukubwa. Kipigo cha kwanza kinamfuata hadi kwenye ugomvi wa pili.

Binti Mikindani
Shikamoo mwalimu. Basi si tuseme tu testosteroni imepungua? Akirudishiwa, si atarudi kuwa mkali?

Mwalimu wa Baiolojia, Lindi
Marahaba binti. Swali zuri sana. Kuna mjusi mwingine wa Marekani, Uta stansburiana. Madume wake walipoongezewa kortikosteroni ukali ulishuka, na hata walipopewa testosteroni pamoja nayo, haukurudi. Kwa hiyo homoni ya msongo ina njia yake yenyewe ya kuzima ugomvi. Na ukali nao una gharama: mijusi madume wa aina ya Sceloporus jarrovi walioongezewa testosteroni walizunguka na kugombana zaidi, wakafa wengi kuliko wenzao. Simwoni mjusi wa kwenye kuni kuwa dhaifu. Mwili wake umeacha vita ambayo ingemmaliza.

Mkulima wa Tandahimba
Asante sana mwalimu. Vijana walitaka kumpiga mawe, nimewakataza. Nimsaidieje?

Mwalimu wa Baiolojia, Lindi
Usimrudishe kwenye mkorosho ule, atakutana na mbabe kila asubuhi na msongo hautashuka. Kama kuna mti mwingine usio na dume, mwachie gogo au mawe ya kuotea jua hapo karibu. Atahama mwenyewe.